Gari Dogo na Daftari la Mafuta



Tangu ninunue gari, swali mnaloniuliza mara nyingi baada ya mafundisho ya Jumamosi halihusu Sakramenti wala Amri za Mungu. Mnauliza: "Mwalimu, linakunywa kiasi gani?" Swali hilo ni halali, nami nitalijibu kwa tarakimu, kwa sababu nimeziandika zote katika daftari. Mmeniuliza pia kwa nini kila Jumamosi naja parokiani kwa miguu wakati gari limelala nyumbani, na wengine mmedhani limeharibika. Halijaharibika. Majibu ya maswali hayo mawili yako katika daftari lile lile, na la pili ni gumu zaidi kwangu kuliandika.

Mnajua mshahara wa mwalimu. Fedha za gari hazikutoka huko peke yake. Mke wangu anauza vitenge sokoni, naye ni mwanachama wa likelemba pamoja na akina mama wenzake. Tuliweka akiba miaka sita, tukipunguza hapa, tukiahirisha pale, na mara mbili tuliimaliza akiba yote kwa ugonjwa na kwa ada za shule, tukaanza tena. Shule ninayofundisha iko kilomita 11 kutoka nyumbani, nami nilikuwa nikipanda teksi-basi mbili kwenda na mbili kurudi. Katika masika ya Lubumbashi nilifika darasani nikiwa nimelowa kama mwanafunzi aliyetoroka.

Fedha zilipotimia, ndugu na marafiki walikuja na mashauri. Karibu wote walisema neno moja: jeep. Mtu wa zaidi ya miaka hamsini, katekista, baba wa familia, anafaa kuonekana ameketi juu. Na kweli, kwa fedha tulizokuwa nazo ilipatikana jeep kuukuu ya miaka ya 1990, yenye magurudumu makubwa na kioo kimoja kilichopasuka. Shemeji yangu aliisifu kwa moyo wote. Nilimwuliza mwenye kuiuza inakunywa kiasi gani, akacheka, akasema mtu anayeuliza swali hilo hafai kununua jeep. Nilimwamini. Hata hivyo nilimbana, akakiri lita 15 kwa kilomita 100.

Jioni ile tulikaa mezani, mimi na mke wangu, tukapiga hesabu. Safari zangu za lazima kwa juma zilikuwa kilomita 160 hivi. Kwa jeep, lita 24. Kwa gari dogo la injini mpya, ambalo fundi wangu alikuwa amenieleza habari zake, lita 9. Mke wangu hakusema mengi. Alinyosha kidole juu ya tofauti ya lita 15 na kuuliza: "Hizi nani atazilipa, shemeji yako?"

Hivyo tukanunua Toyota Passo iliyotoka Japani, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikavuka Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye kioo cha nyuma ina kibandiko cha kijani chenye maandishi ya Kijapani. Aliyetuuzia alisema kibandiko hicho ni ushahidi kwamba gari halijawahi kugongwa. Si kweli. Huko Japani ni alama ya gari linalotimiza kipimo cha serikali cha kutumia mafuta kidogo. Sikukibandua, ninakipenda.

Sasa niwaeleze injini yenyewe, maana wengi wenu mnasoma ufundi, na mimi ni mwalimu, siwezi kupita hapa bila kuchukua chaki. Aprili 2014 kampuni ya Toyota, ikishirikiana na Daihatsu, ilitangaza injini ya lita moja, ya silinda tatu, ambayo ufanisi wake wa juu kabisa ni asilimia 37. Maana yake ni kwamba nguvu ya joto iliyomo ndani ya petroli ukiigawa mafungu 100, mafungu 37 yanakuwa kazi ya kuzungusha mhimili, na yaliyobaki yanapotea katika moshi, katika maji ya kupozea na katika msuguano. Tena 37 ni katika hali iliyo bora kabisa. Nilipoambiwa hivyo kwa mara ya kwanza nilidhani wanalitangaza gari kwa aibu yake. Baadaye nilielewa kwamba kwa injini ndogo ya petroli hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Injini zote tunazoziona barabarani hutupa sehemu kubwa ya kile tunachokinunua kwa taabu.

Walifikaje hapo? Katika injini ya kawaida pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha mlipuko huisukuma chini kwa umbali ule ule iliopanda. Moshi unapotolewa bado una nguvu, nayo inakwenda bure. Katika karne ya 19 Mwingereza James Atkinson alibuni injini ambayo safari ya kushuka ilikuwa ndefu kuliko ile ya kubana, ili nguvu ya mlipuko itumike zaidi kabla ya kuachiliwa. Yeye alitumia vyuma vingi vilivyounganishwa kwa namna ya ajabu. Wahandisi wa leo wanapata matokeo hayo kwa njia nyepesi: vali ya kuingizia inachelewa kufungwa, pistoni inapoanza kupanda inarudisha nje sehemu ya kile ilichovuta, hivyo inabana kidogo lakini inashuka safari nzima. Unachokipoteza ni nguvu. Ukipakia watu watano na gunia la unga, ukakuta mwinuko, utaelewa Atkinson aliuza nini ili anunue nini.

Jambo la kuchekesha: injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo gari linaposimama. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliweka mkono juu yake, akatikisa kichwa na kusema silinda moja imekufa. Alitaka kuifungua. Nilimwomba ahesabu silinda kwanza.

Na linakunywa kiasi gani? Kipimo cha Japani kwa gari hili ni kilomita 27.6 kwa lita moja, ambayo ni chini ya lita 4 kwa kilomita 100. Daftari langu linasema lita 5.6. Tofauti hiyo ina sababu zake, nami nilizijifunza kwa kulipa. Gari hili lina kifaa kinachozima injini linaposimama kwenye foleni na kuiwasha ukiachia breki. Kifaa hicho kinahitaji betri imara ya namna yake. Betri ya kwanza ilipochoka niliweka ya kawaida, ya bei nafuu, na kifaa kikalala usingizi hadi leo. Kisha nilikubali kuwekewa oili nzito, ile inayopendwa na wenye malori, wakati injini hii imetengenezwa kwa oili nyepesi sana. Juma lile lile matumizi yalipanda. Petroli ya chupa, inayouzwa kando ya barabara na vijana tunaowaita kadafi, nimeiacha kabisa, kwa kuwa hujui imechanganywa na nini. Upepo wa pine ninaupima kila Jumatatu. Hayo manne, yaani betri, oili, usafi wa petroli na upepo wa pine, yana uzito kuliko jina la injini. Anayenunua gari la kutumia mafuta kidogo kisha akalitunza kama jeep kuukuu amenunua kibandiko tu.

Wapo waliocheka. Baada ya Misa moja bwana mmoja mwenye cheo alizunguka gari langu akauliza kama nitalibeba mgongoni likikwama. Nilijifariji kwa kumkumbuka marehemu Baba Mtakatifu Fransisko. Mwaka 2013 aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba gari ni lazima kwa kazi, ila wachague lililo la kawaida, na mwaka 2015 alipozuru Washington alipakiwa ndani ya Fiat ndogo nyeusi, iliyozungukwa na magari marefu ya walinzi. Naam, nilijifariji kupita kiasi. Nilianza kujiona mtu mnyenyekevu kwa sababu ya ukubwa wa gari langu.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Nilinunua daftari la kurasa 100 siku ile ile ya gari. Niliandika tarehe, kilomita, lita na sababu ya safari. Mwezi wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Mwaka ulipotimia nilijumlisha, nikashangaa. Nilikuwa nimetarajia lita 39 kwa mwezi. Nilikuwa natumia 52. Gari halikuwa limebadilika. Mimi ndiye niliyebadilika: kwa kuwa kila kilomita ilikuwa rahisi, nilikwenda kwa gari kila mahali nilipokuwa nikienda kwa miguu. Dukani, kwa jirani, parokiani. Mwaka 1865 Mwingereza mwingine, William Stanley Jevons, aliandika kitabu kuhusu makaa ya mawe, akionyesha kwamba mashine zinapojifunza kutumia makaa kidogo, nchi inayatumia zaidi, kwa kuwa sasa kila mtu anaona faida ya kuwa na mashine. Kila lita ya petroli inayoungua inatoa zaidi ya kilo 2 za hewa ya kaboni. Jeep ingetoa nyingi kuliko gari langu, sibishi. Lakini lita zangu 13 za ziada kila mwezi zilitoka katika urahisi.

Badala ya kupunguza safari zangu mwenyewe, nilianza kupunguza za wengine. Nasema hili kwa aibu. Niliongeza safu moja katika daftari, nikaiita "watu". Humo niliandika kila niliyempa nafasi, na sehemu ya lita aliyonigharimu. Vijana wa kwaya mnakumbuka nilivyowaomba mchango wa faranga kwa kila safari ya mazishi. Nilikuwa na hesabu sahihi, hakuna aliyeweza kunipinga. Siku moja mke wangu alilichukua daftari akitafuta namba ya simu, akasoma kwa sauti: "Mkwe, hospitali, lita 0.7." Alisoma mara mbili. Kisha akalirudisha mahali pake na kuingia jikoni. Juma zima hakupanda gari hilo, ambalo nusu yake ni vitenge vyake.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu. Kumbe kulikuwa na jambo jingine.

Palikuwa na kijana mmoja katika kundi la kipaimara, wengi wenu mnamfahamu. Ameniruhusu kuandika habari hii mradi jina lake lisionekane. Kabla ya gari, baada ya mafundisho tulikuwa tukirudi pamoja kwa miguu, kilomita 4, karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Alikuwa amefaulu mtihani wa serikali na hakuwa na fedha za chuo. Aliniuliza maswali ambayo hayaulizwi darasani. Siku nilipomwambia nataka kununua gari la petroli kidogo aliniuliza kwa nini nisingoje la umeme, wakati kobalti ya betri inachimbwa kwetu, Kolwezi, na nchi yetu ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu. Nilimjibu kwamba umeme wa mtaani kwetu haufiki hata kwenye balbu kila jioni, seuze gari. Alicheka, lakini aliendelea kufikiri. Alisema: "Basi sisi tunachimba, na wengine wanawasha."

Gari lilipokuja, saa ile ya kutembea ikawa dakika 10, na vioo nilivifunga kwa sababu ya vumbi. Njia yake inaachana na yangu kwenye kona ya soko. Miezi michache baadaye hakuja mafundisho, wala Jumamosi iliyofuata. Mama yake akaniambia amekwenda Kolwezi kwenye machimbo, pamoja na marafiki wawili, bila kuaga.

Nilikaa na habari hiyo majuma matatu. Kisha nikamwendea mama yule, nikamwambia kama anataka kumwona mwanawe, nina gari. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda. Nilijaza tangi, na daftari nililiacha nyumbani.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Gari letu, kama mengi ya Lubumbashi, lina usukani kulia, na sisi Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Dereva basi anaketi upande wa majani, na akiwa nyuma ya lori la shaba haoni kinachokuja mbele. Aliyeketi kushoto ndiye anayeona. Mama yule hajawahi kushika usukani maishani mwake. Kabla ya Likasi alikuwa tayari ameelewa kazi, akinyosha shingo nje kidogo na kusema "Bado, Mwalimu," au "Pita." Tulipita Fungurume, tukavuka daraja la Lualaba, nami nilikuwa nimeweka maisha yetu mikononi mwa neno lake. Katika mwaka mzima sikuwahi kuzungumza na mzazi wa mwanafunzi wangu saa nyingi hivyo. Aliniambia mambo ya mwanawe ambayo nilipaswa kuyajua.

Tulimkuta karibu na soko. Amekonda, vidole vimepasuka, nguo zina rangi ya udongo. Alimkumbatia mama yake, akala alichomletea akiwa amesimama. Kisha akazunguka gari, akakiona kile kibandiko cha kijani kimefunikwa na vumbi la safari, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Nilisimama barabarani mara mbili nikikungoja, Mwalimu," akasema. "Nilitaka shauri kabla ya kuja huku."

Nilimjibu kwamba sikumwona.

"Mara ya pili uliniona."

Ni kweli, nilimwona. Alikuwa kwenye kona ya soko, ameinua mkono. Nilikuwa nimetoka kuandika katika daftari kwamba kusimama na kuondoka upya ndiko kunakokula petroli kuliko mwendo wenyewe, jambo ambalo ni la kweli kwa gari lolote, na nikajiambia njia yake si yangu, nitamwona Jumamosi. Nilipunga mkono nikapita. Sikumwambia hayo yote pale. Nilisema tu, "Ndiyo, nilikuona. Nisamehe." Mama yake alikuwa akisikiliza.

Alikaa kimya muda mrefu, akiendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa tayari safi. Hakurudi nasi siku ile. Alikuwa na deni kwa wenzake, alisema, na kazi ya majuma kadhaa ambayo bado hajalipwa. Aliahidi kumpigia mama yake simu kila Jumapili, na hadi leo ninapoandika ametimiza. Mimi pia hunipigia, mara moja moja, na maswali yake yamekuwa magumu kuliko yale ya zamani.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa machoni mwangu katika kioo cha nyuma, na malori ya shaba yalikuwa mengi kuliko asubuhi. Mama hakulia. Alikaza macho mbele, akifanya kazi yake. Giza lilitukuta karibu na Likasi, nyuma ya trela refu lisilo na taa. Nilimwuliza kama njia iko wazi. Alinyosha shingo, akatazama kwa muda.

"Bado, Mwalimu," akasema, nami nikabaki nyuma.